Kwaresma yetu Wamethodisti imebaki bahasha tu? Njooni tuseme ukweli

Kengele_ya_Ribe | 19 Februari 2026

Wapendwa, hamjambo. Jana tumepakwa majivu, leo nimeamka na jambo linanikereketa, nikaona nilimwage hapa.

Kanisani kwetu (Kanisa la Methodisti Kenya, huku Pwani, jina nalihifadhi kwa sababu mchungaji wetu ni mtu mwema na humu tunafahamiana) ibada ya Jumatano ya Majivu ilianza saa kumi na moja jioni. Somo likasomwa kutoka Yoeli: "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu." Mahubiri mazuri, mafupi. Kisha majivu. Kisha matangazo, na hayo ndiyo yaliyokula muda. Bahasha za Kwaresma, moja kwa kila mshirika, zimechapwa namba ya M-Pesa ya kanisa. Kila wiki utie ulichojaliwa, zirudi Jumapili ya Matawi tarehe 29 Machi. Yakasomwa makadirio ya kila darasa (yaani kikundi kidogo cha washirika chenye kiongozi wake), darasa la kwanza kiasi hiki, la pili kiasi hiki. Tukasema neema, kila mtu akashika njia.

Sadaka sina ugomvi nayo. Ninachouliza ni kwa nini hakuna kingine kilichotajwa. Nilikulia Ribe, na Kwaresma ya pale ilijulikana na kila mtoto. Ijumaa watu wazima hawatii kitu mdomoni mpaka maombi ya jioni yaishe, halafu inapakuliwa mihogo ya kuchemsha na chai ya mchaichai pale pale nje ya kanisa, na sisi watoto tuliokuwa tumekula mchana kutwa ndio wa kwanza kwenye foleni. Katikati ya wiki kiongozi wa darasa anapita nyumba kwa nyumba, daftari kwapani. Huyo mzee alijua nani hajaonekana kanisani na kwa nini, nani hasemezani na ndugu yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, nyumba gani maji yamekwisha kwenye mtungi maana miezi hii ya kaskazi visima vinakauka. Daftari lilikuwa na safu ya sadaka pia, msinielewe vibaya.

Kiongozi wa darasa letu siku hizi ana kundi la WhatsApp. Asubuhi mstari wa Biblia, jioni namba ya M-Pesa. Nyumbani kwangu hapajui.

Sasa nauliza: kwenu mnafanya nini Kwaresma hii? Na ukiondoa bahasha, kunabaki nini?

Mla_Samaki_Ijumaa | 19 Februari

Pole mleta uzi. Lakini nicheke kidogo: Kwaresma si ya sisi Wakatoliki jamani? Mmeiazima lini? Sisi tuna Njia ya Msalaba kila Ijumaa na kile kijitabu cha kampeni ya Kwaresma ya maaskofu, kila wiki mada yake, mara uongozi mbaya, mara ukame. Bahasha tunazo pia, usidhani mko peke yenu.

Mhubiri_Mstaafu | 19 Februari

Ndugu yangu Mla Samaki, umeuliza kwa utani lakini swali lako lina mizizi.

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alikuwa kasisi wa Kianglikana mpaka anakufa mwaka 1791. Kwaresma aliikuta mezani. Akiwa kijana Oxford, yeye na wenzake walifunga Jumatano na Ijumaa hadi saa tisa alasiri. Zile Kanuni za Jumla za 1743 alizowaandikia Wamethodisti zinaweka kufunga pamoja na ibada ya hadhara, Neno, Meza ya Bwana na maombi, yaani mfungo si jambo la mwenye kupenda. Lakini mwaka 1784 alipowatengenezea Wamethodisti wa Marekani kitabu cha ibada, alichukua kalenda ya Kianglikana akaipogoa. Sikukuu nyingi akazitoa, akisema kwa wakati ule hazina faida ya maana. Kwaresma ikaenda na mapogo hayo. Ijumaa Kuu aliiacha.

Kwa hiyo mkisikia mtu anasema "Wamethodisti hatuna Kwaresma", kuna siku alikuwa sahihi. Na mkisikia mwingine anasema "Wesley alishika Kwaresma", naye hakukosea. Mzee aliitoa Kwaresma kwenye kitabu, mfungo wa Ijumaa akaubakiza tumboni, mwaka mzima.

Wamisionari waliokuja kwetu Pwani 1862, akina Thomas Wakefield wakiongozwa na Krapf, yule mmisionari Mjerumani, walitumwa na United Methodist Free Churches, tawi moja la Wamethodisti wa Uingereza. Wale hawakuwa watu wa majoho na kalenda. Mimi nilipopokewa ushirika kamili majivu sikuyajua, niliyaona mara ya kwanza nikiwa na mvi. Kwa Wamethodisti wengi duniani majivu yamerudi karne ya 20, tena mwishoni mwishoni. Kwa hiyo hiyo Kwaresma ya mihogo unayoisimulia, Kengele, haikutoka kwenye kitabu. Ilitoka kwa watu.

Kengele_ya_Ribe | 19 Februari

Mzee Mhubiri, shikamoo na asante. Hapo kwenye "ilitoka kwa watu" ndipo hasa ninapotaka tukae.

Mkulima_wa_Kaaga | 20 Februari

Salamu kutoka Meru. Huku kwetu injili ya Kimethodisti ilifika Kaaga 1912, kwa hiyo nyinyi wa Ribe ni kaka zetu wakubwa kwa nusu karne, lakini kwa idadi ya makanisa tutazungumza siku nyingine.

Niseme ukweli wa huku: Kwaresma inakutana na mvua ya masika. Mwezi wa tatu ukianza kuelekea katikati kila mtu yuko shambani anatayarisha mashimo, mbegu imenunuliwa, mbolea inatafutwa. Ukimwambia mtu afunge siku nzima na jembe mkononi atakuangukia. Mchungaji wetu alilitazama hilo akasema asiyeweza kufunga chakula afunge kitu kingine. Akina baba wa upande wa Igembe wakaambiwa wafunge miraa. Kanisa likawa kimya kama kaburi. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza kama kuuza pia kumehesabiwa, au ni kutafuna tu.

Mpaka leo hajajibiwa vizuri.

Kinachofanya kazi kwetu ni kulimiana. Wiki ya pili ya Kwaresma darasa linachagua wajane wawili au watatu na mtu yeyote aliyetoka hospitali, tunaenda na majembe yetu asubuhi, kufika saa nne shamba limekwisha. Hakuna hotuba. Mwenye shamba anatoa maji ya kunywa. Vijana wa kanisa wanaotoka mjini wanakuja na viatu vyeupe, tunawacheka, lakini wanalima.

Mama_Ukindu | 20 Februari

Mimi ndiye mtayarishaji wa majivu kanisani kwetu kwa hiyo mniache nieleze, kwa sababu kila mwaka naulizwa.

Matawi ya Jumapili ya Matawi mwaka uliopita yanarudishwa kanisani, na watu wengi wanayasahau nyuma ya picha ukutani, inabidi uwakumbushe kuanzia Januari. Huku Pwani ni makuti machanga ya mnazi na misalaba midogo ya ukindu ambayo watoto wa shule ya Jumapili wanaisuka wakifundishwa na bibi zao. Nayachoma kwenye sufuria kuukuu nje, siku isiyo na upepo. Vitabu vinataka majivu meusi. Ukitaka meusi unafunika sufuria kabla hayajaisha kuungua. Lakini kwenye paji la uso la Mgiriama jivu jeusi halionekani, ni kama hukupakwa, basi mimi naliacha liungue hadi liwe la kijivu. Nikishachekecha kwa leso nyepesi natia matone machache ya mafuta ya nazi. Maji usitie. Majivu na maji ni magadi, yanawasha, na mtu akija na jasho la mchana utamsikia analalamika katikati ya wimbo.

Kuhusu mada: sisi bahasha tunazo, na ziara tunazo, lakini ziara zimepungua. Naona aibu kusema kwa nini. Watembeleaji wamezeeka na hakuna aliyepokea kijiti.

Jirani_wa_Jomvu | 20 Februari

Assalaam aleikum majirani. Mimi ni Muislamu, nimezaliwa Jomvu Kuu, kanisa lenu la zamani liko hapo hapo kwetu tangu enzi za Wakefield, kwa hiyo najiona nina haki ya kuchangia.

Mwaka huu mfungo wenu na wetu vimeingia wiki moja. Mtaani kumekuwa na mambo. Jana magharibi nilikuwa kwenye foleni ya viazi karai na kaimati, mbele yangu kuna mama ana alama ya majivu bado kipajini. Muuzaji akamwambia, "Mama, na nyinyi mwafuturu?" Akajibu, "Sisi twala mchana pia, lakini hizi zenu siwezi kuziacha." Foleni nzima ikacheka.

Kengele, nikwambie kitu kimoja cha kwetu. Mwezi huu mtu akipika anapeleka sahani kwa jirani kabla ya adhana, na sahani hairudi tupu. Hakuna kamati inayopanga. Ukiona kwenu mambo yamefika kwenye kamati na makadirio, mimi ningeanza na sahani. Mlango uliopelekewa sahani ni rahisi kuubisha kesho yake.

Mweka_Hazina_Mchovu | 21 Februari

Nimekaa kimya siku mbili nikisoma. Sasa nami niseme, maana naona bahasha imefanywa Yuda Iskariote.

Mimi ni mweka hazina wa kanisa la mtaani, si la Ribe, msianze kunitafuta. Posho ya mchungaji inatoka wapi? Makadirio ya sakiti, yaani kundi letu la makanisa ya jirani, na ya sinodi iliyo juu yake? Stima? Bati la upande wa kwaya limetoboka, mvua ya Aprili inakuja, na mtu yule yule anayelalamika bahasha ndiye atakayehama benchi likianza kudondoka. Kwaresma ndicho kipindi pekee ambacho washirika wanatoa kwa utaratibu. Bila Kwaresma mwezi wa saba ningekuwa nakopa.

Pili, mnajua darasa la Kimethodisti lilianzaje? Lilianza kwa deni. Bristol, Uingereza, Februari 1742. Wamethodisti walikuwa wamejenga nyumba yao ya kuhubiria na deni limewaelemea. Wakakaa kikao. Mmoja wao, Kapteni Foy, akasema kila mwanachama atoe peni moja kwa wiki mpaka deni liishe. Mwingine akasema wengi ni maskini, hawana. Foy akajibu: nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawatembelea kila wiki, wakiwa na kitu, vizuri, wakiwa hawana nitawalipia pamoja na yangu. Wengine nao wakachukua vikundi vyao. Hapo ndipo kiongozi wa darasa alipozaliwa. Alikuwa mkusanya peni. Kwa hiyo ndugu zangu, msiniambie fedha imevamia darasa. Fedha ndiyo mama yake.

Kengele_ya_Ribe | 21 Februari

Mweka Hazina, umenipiga na fimbo ambayo nitakuomba niishike upande wa pili.

Hebu isome tena hadithi yako. Foy hakusema nileteeni. Alisema *nitawatembelea*, na asiye nacho *nitamlipia*. Na kilichofuata wewe umekiacha: wale viongozi walipokuwa wanazunguka kuchukua peni, wakaanza kuona maisha ya watu. Wesley mwenyewe aliandika kwamba mmoja alimkuta mtu anagombana na mkewe, mwingine akamkuta mwenziwe amelewa. Hapo Wesley akashtuka kwamba hiki ndicho alichokuwa anakitafuta miaka yote, mtu wa kuwaangalia watu wake kwa karibu. Peni ilikuwa sababu ya kubisha hodi.

Sasa M-Pesa imefanya nini? Imeondoa hodi. Peni inafika kwa mweka hazina bila mtu yeyote kuvuka kizingiti cha mtu. Nikiwa na njaa natuma shilingi hamsini, nikiwa na msiba natuma shilingi hamsini, risiti ni ile ile. Sikulaumu wewe. Naulaumu urahisi.

Na ile ya "nitamlipia": niambieni, ni darasa gani siku hizi kiongozi anamlipia asiye na kitu kimya kimya? Kwetu makadirio yanasomwa hadharani na darasa lililopungukiwa linajulikana.

Mkulima_wa_Kaaga | 21 Februari

Hiyo ya kusoma hadharani iondoeni kabisa. Kuna mama kwetu alihama kanisa kwa ajili hiyo. Hakusema kitu, Jumapili iliyofuata akaonekana kwa wale wa hema barabarani.

Mweka_Hazina_Mchovu | 21 Februari

Kusoma hadharani sikutetei. Ni azimio la kikao, mimi nilipiga kura ya hapana. Hilo la hodi nalifikiria.

Kijana_wa_Mtaa | 22 Februari

Wazee wangu heshima kwenu lakini naona mnazungumza kama watu ambao hawajawahi kutembelewa wakiwa hawana kitu.

Mimi nimepanga chumba kimoja Changamwe. Mwaka juzi darasa lilikuja kwangu, watu kama kumi na wawili, wameimba vizuri, wameomba vizuri. Baada ya hapo wakakaa. Wanasubiri chai. Mke wangu akaingia nyuma ya pazia kupiga hesabu ya sukari, na mimi nikateremka dukani kukopa maziwa, mkate na siagi. Nilikuwa sijapata kibarua wiki nzima. Ziara ya faraja ikaniachia deni la dukani. Na nikisema wasije, nitaambiwa nimerudi nyuma kiroho.

Bahasha angalau naitia ninachoweza na hakuna anayehesabu vikombe vyangu.

Mama_Ukindu | 22 Februari

Mwanangu, pole. Na umesema kitu ambacho akina mama tumekuwa tukikisema jikoni tu.

Binti_wa_Kaloleni | 22 Februari

Nichangie na mimi kutoka upande mwingine. Nafanya kazi za nyumba Nyali, nalala kwa mwajiri. Nimebatizwa Methodisti na nashiriki hapa mjini. Hakuna darasa linaloweza kuja kwangu, kwa sababu sina "kwangu". Geti lina mlinzi, mlinzi ana simu, simu inampigia bosi. Siku moja kiongozi wa darasa alifika mpaka getini na Biblia yake. Nilimwona kwa dirisha la jikoni, sikuweza kutoka, nilikuwa na mtoto wa watu mkononi. Jioni niliulizwa ni akina nani wale wanaonitafuta.

Kwa hiyo mkipanga ziara, sisi tuko wapi? Ijumaa jioni sipati ruhusa. Jumapili ninayo nusu siku, tena si kila Jumapili.

Mhubiri_Mstaafu | 22 Februari

Binti yangu, swali lako lina umri wa karibu miaka mia tatu, na jibu lake ndilo lililotupa darasa kama tunavyolijua.

Wale wa Bristol na London walianza kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba, kama Mweka Hazina alivyosimulia. Baada ya muda wakaona hakuendeki. Wesley ametaja sababu. Moja, ilimla kiongozi muda ambao wengi hawakuwa nao. Nyingine, na hii ndiyo yako: watu wengi walikuwa watumishi wanaoishi kwa mabwana na mabibi zao, na mabwana hao hawakuruhusu mgeni aje kuzungumza na mtumishi, au waliruhusu wakiwa wamesimama hapo hapo wanasikiliza. Mtu atafunguaje moyo? Ndipo wakaamua walio katika darasa moja wakutane mahali pamoja mara moja kwa wiki, ili kila mmoja aulizwe hali yake bila bwana kusimama mlangoni.

Kengele, hapo na wewe ujipime. Ziara ya nyumbani ni nzuri, lakini si sheria ya Musa. Lililo la lazima ni mtu kuulizwa "u hali gani" na mtu atakayesubiri jibu.

Kengele_ya_Ribe | 22 Februari

Nimelipokea, mzee. Ingawa bado nasema kwa wagonjwa na wazee hakuna mbadala wa miguu.

Dada_wa_Leicester | 23 Februari

Habari za nyumbani. Niko Uingereza miaka mingi, nashiriki kanisa la Methodisti hapa Leicester, Wazungu wazee wengi, Wazimbabwe, Waghana, na sisi Wakenya wachache.

Jumanne kabla ya Majivu tunakula chapati zao nyembamba za mayai na maji ya limau na sukari. Wanazirusha hewani kwenye kikaango, na mimi niliombwa nirushe, ikaangukia kwenye kapeti, tuachane na hayo. Kinachonigusa ni chakula cha mchana cha Kwaresma. Mara moja kwa wiki, ukumbi wa kanisa, supu na mkate na jibini, basi. Makanisa ya jirani yanapokezana, wiki hii Waanglikana, wiki ijayo Wakatoliki, wiki inayofuata sisi. Mlangoni kuna bakuli, unatia unachotaka, hakuna anayetazama, na fedha inakwenda kwa maskini kupitia All We Can, ambalo ni shirika la misaada la Wamethodisti, au Christian Aid.

Mwanzoni nilidharau. Supu na mkate ni chakula gani? Halafu nikaona wanaokuja. Ni wazee wanaokaa peke yao wiki nzima na televisheni. Kuna bibi mmoja anavaa kofia na mkufu kana kwamba anakwenda harusini, kwa ajili ya supu ya viazi. Siku ambayo hakuja, kabla ya bakuli kuoshwa watu wawili walikuwa njiani kwenda kugonga mlango wake.

Nawaambia Kijana wa Mtaa na wengine: hapa hakuna anayekwenda kwa mtu kunywa chai yake. Chakula kinapikwa kanisani, kila mtu ni mgeni. Labda hapo pana kitu cha kuchukua.

Mama_Kasapa | 24 Februari

Jambo bandugu. Miye niko Lubumbashi, Congo, kanisa ya Méthodiste-Unie. Kwetu huku bamama Kipendano, chama ya bamama ba kanisa, ndio banabeba Kareme (Kwaresma) mu mikono. Banavaa sare yabo, banaenda ku hôpital na savon (sabuni) na bukari (ugali), banaomba na bagonjwa, banarudia. Hakuna mutu anabapikia. Banabeba chakula yabo beye. Kijana wa Changamwe ana haki: mugeni wa Kareme asikuje na njaa.

Mkulima_wa_Kaaga | 24 Februari

"Mgeni wa Kwaresma asije na njaa." Mama, hii naiandika kwenye ubao wa kanisa.

Nilihama_2019 | 25 Februari

Mimi nilikuwa Methodisti, sasa niko kanisa la kiroho. Sisi tunafunga siku 21 Januari, maji tu, na maombi ya usiku kucha. Nyinyi mnajadili chai na supu. Moto uko wapi ndugu?

Mama_Ukindu | 25 Februari

Mwanangu, ulipokuwa kwenye maombi ya siku 21, nani alimpelekea mama yako maji? Nauliza tu, sina ubaya.

Nilihama_2019 | 25 Februari

Hapo mama umeingia ndani sana.

Kijana_wa_Mtaa | 2 Machi

Wakuu, narudi na habari. Huu uzi niliupeleka kwenye darasa letu, nikausoma kwa sauti mpaka ile ya viatu vyeupe. Tumekubaliana hivi kwa Kwaresma hii: kila Jumapili baada ya ibada darasa linabaki chini ya mwembe, nusu saa, uji unapikwa hapo hapo na watu wawili kwa zamu. Kila mtu anaulizwa hali yake. Hiyo ni kwa ajili ya akina Binti wa Kaloleni na wote ambao nyumba haziruhusu. Ziara ni kwa wagonjwa na wazee tu, watu watatu wasizidi, na wanakwenda na sukari yao na majani yao.

Jumapili ya kwanza tulikuwa wachache na kulikuwa na ukimya wa aibu. Halafu baba mmoja ambaye hasemi kamwe akasema mwanawe amefukuzwa shule kwa karo tangu Januari. Tumeketi naye miezi yote hiyo benchi moja.

Mweka_Hazina_Mchovu | 2 Machi

Karo ikawaje?

Kijana_wa_Mtaa | 2 Machi

Sehemu imepatikana pale pale chini ya mwembe, kwa noti zilizokunjwa. Iliyobaki kiongozi wa darasa amesema ataongea na mwalimu mkuu. Bahasha hazikuguswa, usiwe na wasiwasi.

Mweka_Hazina_Mchovu | 3 Machi

Sikuwa na wasiwasi wa bahasha. Au nilikuwa nao kidogo.

Na mimi nilete yangu. Kikao cha wasimamizi kilikaa jana jioni. Makadirio ya madarasa hayatasomwa tena kanisani, kila kiongozi atapewa ya kwake kwenye karatasi. M-Pesa itabaki, siwezi kurudi kwenye masanduku ya sarafu mimi. Ila kiongozi wa darasa atapewa na mimi, kila Jumatatu, majina ya washirika ambao wiki hiyo hawakutuma chochote. Wakaniuliza, ili wadaiwe? Nikasema hapana, ili waulizwe kama wazima. Na nikamwambia kila kiongozi: ukifika kwa mtu huyo, bahasha usiitaje. Akiitaja yeye, mwambie imeshughulikiwa. Tumetenga kiasi kidogo kwa kazi hiyo, kwenye kitabu nimekiandika "Foy". Mkaguzi wa sakiti atauliza ni nini, nitamwelekeza humu.

Mhubiri_Mstaafu | 3 Machi

Mkaguzi nitazungumza naye mimi.

Binti_wa_Kaloleni | 4 Machi

Huo uji wa mwembe, je, mtu wa darasa la kanisa lingine anaruhusiwa? Jumapili ya tarehe 15 nina nusu siku.

Kijana_wa_Mtaa | 4 Machi

Njoo dada. Ibada yetu inaisha saa tano hivi, ukichelewa utatukuta bado tunaosha vikombe. Panda matatu ya Changamwe, shuka karibu na kanisa, uliza mwembe. Zamu ya tarehe 15 ni ya wanaume, kwa hiyo uji huenda ukawa na madonge.